Nani Alilinyamazisha Darasa la Kiingereza?

Ukitaka kumjua Mkenya vizuri, usimuulize alipata alama ngapi darasa la nane. Muulize diski ya skuli yao ilikuwa ya kitu gani. Mmoja atakwambia kibao, mwengine mfupa wa ng'ombe, mwengine kipande cha bati kilichotobolewa tundu. Kanuni yake lakini ilikuwa moja kutoka Lunga Lunga mpaka Busia. Wa kwanza kusikika akisema lugha isiyokuwa Kiingereza anavishwa diski shingoni. Naye anatembea nayo akitega sikio mpaka amnase mwenzake, amvishe. Kengele ya jioni ikilia, majina yanafuatwa kinyumenyume kama mnyororo, na kila aliyeivaa siku ile analala chini kula viboko vyake.

Yetu, katika shule moja ya msingi hapa Majengo, ilikuwa kibao cha ukubwa wa kiganja chenye kamba iliyokuwa imeshika jasho la watoto wa miaka mingi. Mimi niliingia darasa la kwanza 2006. Kisheria viboko skulini vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 2001. Sheria ilikuwa Nairobi, kiboko kilikuwa juu ya kabati.

Nataka kusimulia historia ya ukimya mmoja. Ni ule unaoingia darasani mwalimu anapoandika "English" ubaoni, watoto sitini wanasimama, wanaimba kwa pamoja "Gudi moning ticha, wi ar veri fain," wanakaa, na baada ya hapo hakuna anayesema kitu mpaka kengele ilie. Tumeambiwa miaka mingi kwamba ukimya ule ni uvivu. Matokeo ya mtihani yanapotoka na kaunti za pwani zikawa chini, wimbo ni ule ule kila mwaka: watoto wa pwani hawana hamu ya masomo, wamezoea madafu na upepo wa bahari. Nimechoka na wimbo huo. Nikaenda kutafuta ni nani alioutunga.

Kwanza, tukubaliane kwamba Majengo si mtaa wa mabubu. Enzi za ukoloni, bandari na reli zilipokuwa zinaita watu kutoka kila pembe, nyumba za udongo na makuti zilisimama huku nje ya Mji wa Kale, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati. Chumba kimoja Mkamba, cha pili Mdigo, cha tatu Mjaluo wa bandarini, cha nne mama wa Kimvita anayepika mahamri ya kuuza alfajiri. Mtoto aliyekulia kwenye ukumbi ule alitoka na lugha tatu kabla meno ya utoto hayajang'oka. Hapa kuna kina mama ambao hawajawahi kukanyaga India lakini wanaimba nyimbo za sinema za Kihindi mwanzo mpaka mwisho. Kuna vijana wa ufuoni, kutoka Nyali mpaka Malindi, wanaobembeleza kwa Kijerumani na kupatana bei kwa Kitaliano, na hawajawahi kufungua kitabu hata kimoja cha lugha hizo.

Kwa hivyo ulimi hauna kasoro. Kitu fulani kinatokea kati ya lango la skuli na dawati.

Zoltán Dörnyei, mtaalamu wa lugha kutoka Hungaria aliyefundisha miaka mingi Uingereza, alikuwa na tofauti moja ninayoipenda. Alisema kuna mwanafunzi asiyekuwa na hamu tangu mwanzo, na kuna yule aliyekuwa nayo, kisha ikaondolewa. Wawili hawa ukiwaangalia kutoka mbele ya darasa wanafanana, wote wamelaza kichwa kwenye meza. Lakini historia zao ni mbali kama Fort Jesus na Mlima Kenya. Na alipowauliza wanafunzi wa aina ya pili ni nini kilichowavunja, wengi walimtaja mwalimu kabla ya kitu chengine chochote.

Lakini huyo mwalimu naye alifundishwa na nani kuwa vile?

*

Kiingereza kilikuwa na mguu hapa hata kabla ya reli. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kianglikana, alifika Mombasa 1844, na miaka miwili baadaye akaanza kazi Rabai na mwenzake Rebmann. Mwaka 1875 wamisionari hao hao wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya pili ya maji, kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Baadhi ya waliofundisha kule walikuwa Waafrika waliolelewa India, karibu na Bombay, wakarudi wakiwa na Kiingereza mdomoni. Kengele ya Freretown ipo mpaka leo pale Kisauni, matatu zinaipita.

Upande wa kisiwani mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa mzazi Mwislamu wa Mombasa, skuli ya Kizungu ilikuwa kanisa lililovaa kofia nyengine. Yeye alikuwa na chuo chake, yaani madrasa: mwalimu, ubao, kikoto, na mtoto anayesoma kwa sauti mpaka ahitimu. Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli ya Waarabu hapa Mombasa mwaka 1912, wazazi waliitazama kwa jicho la pembeni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, na humo akawa anavuta kamba pande zote mbili. Aliwataka Waislamu wa pwani watafute elimu ya kisasa wasibaki nyuma, na papo hapo akawaonya wasiige Uzungu wakapoteza dini na Kiarabu chao.

Nayataja haya kwa sababu watu husahau. Mtoto wa pwani hakuikuta skuli ya Kiingereza kama mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. Aliikuta ikiwa na swali: ukiingia, utaacha nini nje? Isitoshe, serikali ilikuwa imegawa skuli kwa rangi na kabila. Mzungu na yake, Mhindi na yake, Mwarabu na yake, Mwafrika na yake, na hela zikitiririka kutoka juu kwenda chini mpaka zinamfikia wa mwisho zikiwa matone.

*

Diski yenyewe haikuzaliwa Kenya. Katika karne ya 19, watoto wa Wales waliosikika wakisema Kiwelshi skulini walivishwa kipande cha mbao shingoni, kikapita kutoka mtoto hadi mtoto, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku akachapwa. Bretagne kule Ufaransa walikuwa na chao. Okinawa kule Japani walikuwa na chao. Kumbe Waingereza walipokuja kutufundisha lugha yao, walikuja na dawa waliyokuwa wameshawanywesha majirani zao.

Aliyeiandika vizuri kuliko wote huku kwetu ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Katika *Decolonising the Mind*, kitabu chake cha 1986, anaeleza jinsi hali ya hatari ilivyotangazwa 1952, skuli za Wakikuyu zikachukuliwa na serikali, na Kiingereza kikawa mfalme. Aliyenaswa akisema Gĩkũyũ alichapwa, au alivishwa bamba la chuma lenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Lakini kisa kinachonikaa mimi katika kitabu kile si cha bamba. Ni cha mvulana aliyesoma naye. Kijana huyo alifaulu vizuri sana masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa sababu ya Kiingereza peke yake, mtihani mzima ukahesabiwa ameanguka, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ, ambaye alama zake nyengine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza kilikuwa kizuri, akaenda Alliance.

Fikiria kidogo hapo. Hesabu, jiografia, maarifa yote ya mvulana yule yalipimwa kwa mlango mmoja, na mlango ulipofungwa, hakuna aliyemuuliza alikuwa na nini mkononi.

Mombasa tuna kisa chetu kinachofanana na hicho, ila chetu kilipinda kona. Mtoto wa Sheikh Al-Amin, Ali, alizaliwa hapa 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu. Makerere, chuo kikuu cha pekee kwa Waafrika wa Afrika Mashariki wakati huo, kikamkatalia. Akapata kazi ndogo ya ofisi katika chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hadithi yake ingeishia pale, karani mmoja zaidi mjini.

Kilichomtoa hakikuwa karatasi. Alisimama kuhutubu katika sherehe ya Maulidi, na miongoni mwa waliokuwa wamekaa kusikiliza alikuwa Gavana Philip Mitchell. Gavana akamsikia kijana akizungumza, na kutoka hapo milango ya kwenda kusoma Uingereza ikaanza kufunguka. Huddersfield, Manchester, Columbia, Oxford. Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ikamchukua kama profesa. Mwaka 1979 BBC ikampa mihadhara yake ya Reith, na mwaka 1986 dunia ikamuona kwenye televisheni akiieleza Afrika kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikaa kukisikiliza. Alipofariki 2014 alirudishwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wao, karibu na Fort Jesus.

Watu hukisimulia kisa hiki kama cha mtu mwenye kipaji, na ni kweli. Mimi nakiona kama kisa cha vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa kalamu na chumba kimya, kikasema: daraja la tatu. Cha pili kilikuwa mdomo, mkutano, na jambo ambalo kijana alikuwa na hamu ya kulisema. Je, ni vijana wangapi wa mji huu waliopimwa kwa kipimo cha kwanza tu, na hakuna gavana aliyekuwa amekaa mbele yao siku walipofungua midomo?

*

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sikuitarajia. Nilidhani nitakuta historia ya ukatili mtupu, kiboko juu ya kiboko. Kumbe kuna wakati Kenya ilijaribu kitu chengine kabisa.

Mwaka 1957 Nairobi kulianzishwa kituo maalumu cha kutafuta njia mpya ya kufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza. Walianza na watoto wa Kihindi, ambao walikuwa wakifika skuli na Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu katika chumba kimoja. Mapema miaka ya 1960 mpango ukafika skuli za Waafrika, ukajulikana kama New Primary Approach, NPA kwa kifupi. Wazo lake lilikuwa rahisi, na kwa wakati ule lilikuwa la ajabu: mtoto asikae kwenye safu akikariri kama kasuku. Akae kwenye kikundi. Ashike vitu. Aimbe, acheze, aangalie picha aseme anaona nini. Mwalimu apite katikati badala ya kusimama mbele kama askari.

Babu yangu, mzaa mama, alianza darasa la kwanza 1964. Nilipomuuliza kuhusu Kiingereza hakuzungumza kuhusu kiboko. Alizungumza kuhusu duka. Mwalimu wao alipanga mikebe mitupu ya Kimbo, vibiriti na pakiti za majani chai pembeni mwa darasa. Mtoto mmoja muuzaji, wengine wanunuzi, pesa ni vizibo vya soda. Kila mtu lazima aulize bei, na lazima aseme ni ghali. "Tulikuwa tunagombania kwenda dukani," aliniambia, na mzee huyu wa miaka karibu sabini akanionyesha kwa mikono vile alivyokuwa akihesabu vizibo. Kiingereza chake si cha vitabuni. Lakini hakiogopi. Watalii wakipotea njia kutoka Mji wa Kale, yeye ndiye huwaita waje wakae barazani.

Basi nini kilitokea? Uhuru ulikuja na kiu. Wazazi walikuwa wamekiona Kiingereza kikimtenganisha karani na hamali, na wakakitaka mara moja, kila kijiji. Tume ya elimu ya 1964, iliyoongozwa na Simeon Ominde, ikapendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza nchi nzima. Mpango uliokuwa umeundwa kwa madarasa machache yenye walimu waliofunzwa vizuri, vitabu na ziara za kuwasaidia, ukatandazwa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Ikawa kama pilau ya watu kumi kuongezwa maji ili wale mia. Jina likabaki pilau. Mwalimu asiyepewa mikebe wala picha wala mafunzo alifanya kile alichofanyiwa yeye: akawapanga watoto kwenye safu, akasema, nao wakarudia.

Na juu ya yote, mtihani. Kuanzia 1966 watoto walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa CPE: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Chagua jibu, weka alama. Hapakuwa na swali hata moja ambalo mtoto angelijibu kwa mdomo. Tena hapakuwa na Kiswahili. Mpaka KCPE ilipoanza 1985, lugha ambayo mtoto wa Majengo aliijua kuliko mtoto yeyote wa bara ilikuwa na thamani ya sufuri kwenye cheti chake. Miaka karibu ishirini. Halafu tunauliza kwa nini watu wa pwani walionekana kama hawajali skuli. Mchezaji ukimzuia kutumia mguu wake wa kulia, usimlaumu kwa kukosa mabao.

*

Ingekuwa rahisi kusema kosa ni kuanza na Kiingereza mapema. Lakini angalia jirani. Tanzania ilichukua njia nyengine, Kiswahili kikafundishia shule nzima ya msingi, na Kiingereza kikabaki somo tu mpaka sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa kule wakakuta Kiingereza cha wengi ni kidogo mno kuweza kusomea masomo mengine. Njia mbili, kituo kimoja: mtoto aliyenyamaza. Kenya yenyewe ilibadilisha mawazo. Tume ya Gachathi ya 1976 ilisema miaka mitatu ya mwanzo iwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kiwe somo tu. Sera ikasomeka vizuri, lakini diski haikusoma sera.

Kwangu mimi, kwa hivyo, swali la lini ni dogo kuliko swali la vipi. Mtoto anaweza kuanza Kiingereza akiwa na miaka sita au kumi na minne. Ikiwa kila anapofungua mdomo anahesabiwa makosa, atajifunza somo moja haraka sana: kufunga mdomo. Na diski inafundisha kitu kibaya zaidi ya woga. Inamfundisha mtoto kwamba maneno ya mwenzake ni mtego wa kumnasia. Lugha ni kuzungumza na mtu. Sisi tulifundishwa kuzungumza ni kusalitiana.

Kizazi changu kilipata bahati na balaa kwa pamoja. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaingia madarasani kwa mkupuo, kutoka kama milioni 5.9 mpaka milioni 7.2. Nisingependa kumsikia mtu akiilaani siku ile, kwa sababu nusu ya wenzangu wa mtaani wasingesoma kabisa. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Dawati la wawili likakaliwa na wanne. Hebu mpe mwalimu watoto sitini na kitu, kipindi cha dakika 35, na mwalimu mkuu anayetaka wastani wa darasa upande, kisha umwambie afanye mchezo wa duka. Kila mtoto akisema nusu dakika, kipindi kimekwisha. Akiwaambia wanyamaze wanakili ubaoni, hapo atalala usingizi.

Sekondari ndiko nilikokuta kichekesho chenyewe. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE, karatasi ya kwanza, una alama 60. Kati ya hizo, 30 ni za stadi za kuzungumza. Nusu nzima! Ungedhani mtahiniwa anaitwa chumbani aongee. La. Anaandika. Anaulizwa kwenye karatasi neno fulani lingetamkwaje, shairi hili angelighani kwa sauti gani, akienda kwenye mahojiano ya kazi angefanya nini, na yote hayo anayajibu kwa kalamu, kimya, msimamizi akitembea kati ya viti kuhakikisha hakuna anayeongea. Nchi inapima kuogelea kwa kuwauliza watu maji yana rangi gani.

Rafiki yangu mmoja wa utotoni alikuwa mtu wa kuchekesha kuliko wote maskani. Angeweza kumuigiza makanga, imamu, mama mboga na mtangazaji wa mpira katika dakika moja. Darasani, miaka minane, sikumsikia akisema sentensi nzima ya Kiingereza peke yake. Mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba hana ari. Leo anaendesha tuktuk kati ya Majengo na Mwembe Tayari, na wageni wanampenda kwa vile anavyowasimulia mji, kwa Kiingereza alichokiokota kwa abiria wenyewe. Hamu yake ilikuwepo wakati wote. Ilikuwa inamngojea nje ya lango.

Mimi nilipita kwenye tundu la sindano, nikafika chuo kikuu, karo ikanishinda mwaka wa pili, nikarudi nyumbani. Sasa nakula kwa Kiingereza, naandika maelezo ya nyumba za kupangisha wageni Nyali na Diani. Silalamiki. Ila huwa nashangaa kwamba lugha inayonilisha nilijifunza zaidi kwa kubishana mpira kwenye simu kuliko kwa miaka kumi na miwili ya madarasa.

*

Mombasa hii hii, kuna mtu aliyewahi kuonyesha kwamba inawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimueleza Aga Khan kilio chao, kwamba watoto wao wanabaki nyuma kielimu. Kazi ikaangukia mikononi mwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa chekechea wa hapa Mombasa. Hakujenga skuli mpya ya Kizungu. Alikwenda madrasa, mahali ambapo wazazi walikuwa wameshawaamini walimu, akaweka chekechea mle ndani. Walimu walikuwa kina dada wa mitaani, wakafunzwa. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya baharini, vizibo, mchanga. Mtoto alichagua cha kufanya, akakifanya, kisha akaeleza alichokifanya, kwa lugha ya nyumbani kwanza. Kutoka Mombasa mpango ukavuka kwenda Zanzibar na Uganda.

Angalia alichokitatua. Lile swali la tangu 1912, ukiingia utaacha nini nje, yeye alilijibu kwa kumwambia mtoto: usiache kitu. Njoo na dini yako, njoo na Kiswahili chako, njoo na kifuu chako cha nazi. Na hakungoja hela za kununua vifaa kutoka ng'ambo. Kwa hivyo mtu asiniambie michezo ya darasani ni anasa ya skuli za kulipia.

Serikali nayo imerudi kwenye wazo lile. Mtaala mpya wa umilisi ulianza kujaribiwa 2017, ukaingia rasmi madarasa ya chini 2019, na mwaka 2023 watoto wa mwisho wakafanya KCPE. Madarasa ya chini somo haliitwi tena Kiingereza, linaitwa Shughuli za Kiingereza. Jina zuri. Sisi huku Mombasa shughuli ni arusi, ni maulidi, ni khitma, na tuna msemo wetu: shughuli ni watu. Unaweza kuwa na turubai, biriani na vipaza sauti, watu wasipokuja huna shughuli. Hilo ndilo ninaloliogopea jina hili. Nimeona wazazi wa Majengo usiku kwenye saiba, wamepanga foleni kuchapisha picha za rangi kwa ajili ya "shughuli" ya mtoto ya kesho, shilingi ishirini kila ukurasa. Picha inabandikwa daftarini, mwalimu anaweka tiki. Turubai limesimama. Mtoto hajasema neno.

Katika ripoti ile ya Ominde ya 1964, pamoja na Kiingereza cha darasa la kwanza, kulikuwa na pendekezo moja dogo ambalo watu hawalizungumzii. Walitaka kila siku kuwe na kipindi cha kusimuliana hadithi kwa lugha ya mama. Kila siku! Walielewa kwamba mtoto anayezoea kusimama mbele ya wenzake na kuwafanya wacheke kwa lugha yake, siku moja atasimama kwa lugha yoyote. Ratiba ya mpwa wangu, aliye gredi ya tatu, imebandikwa ukutani kwetu. Nimeisoma kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Kipindi hicho hakimo.

Jumapili iliyopita babu alimuita barazani. Alikuwa amepanga vikopo viwili vya maziwa, kiberiti na embe moja, na mfukoni ana vizibo. Akamwambia yeye ndiye mwenye duka, na dukani kwake leo hapasemwi Kiswahili. Mtoto akaduwaa, akatazama huku na huku kama anayemtafuta monita. Hakuna aliyemtazama. Akauliza embe bei gani. Babu akamwambia vizibo kumi. Mtoto akakunja uso, akafikiri, kisha kwa Kiingereza kilichovunjika pande zote akamwambia mzee kwamba embe lake limeoza, na kwamba atampa vitatu.

Walivutana kwa dakika kumi nzima. Alilipata kwa vinne.